Mapambo ya harusi Lamu kwa mfuko mdogo: mambo ya kuzingatia kabla

Kabla hujateremka Usita wa Mui, njia kuu ya maduka ya Lamu, na pochi kwapani, piga hodi kwanza kwa khalati, kwa shangazi na kwa jirani aliyeoza binti mwaka jana. Waulize nani ana nini. Kabati la mtu mzima wa Lamu halikosi chetezo cha ziada, mrashi wa kunyunyizia maji ya waridi, na seti iliyovaliwa usiku mmoja ikarudi kwenye boksi lake. Upande wa bwana harusi ndiyo usiseme: joho, jambia na bakora huzunguka ukoo mzima. Nimeona joho moja likioza ndugu watatu.

Ila azima mapema. Shaaban na Mfungo Mosi harusi huwa zinafuatana, na joho lile lile linaweza kuwa limeahidiwa nyumba nyingine. Shika daftari uandike kitu, mwenyewe na siku ya kurudisha. Kikipotea cha kuazimwa, hapana bei utakayoambiwa. Utaambiwa "si kitu", kisha utasikia habari zake miaka kumi.

Yakishajulikana ya kuazima, ndipo hesabu ya duka inapoanza, na utashangaa orodha ilivyopungua.

Dhahabu ndiyo ya kuikalia kitako. Tazama muhuri ndani ya pete: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Namba hizo ni sehemu za dhahabu safi katika kila elfu, kwa hiyo pete ya 750 robo yake ni madini mengine. Si aibu kuivaa, lakini usiilipe bei ya 916. Mwambie sonara aweke kwenye mizani mbele yako, akutajie bei ya gramu ya siku hiyo, kisha akutajie ujira wa ufundi peke yake. Watu wengi huliruka hilo la mwisho. Siku ukitaka kuuza, utalipwa dhahabu na ujira umekwenda, kwa hiyo nakshi nyingi kwa mwenye pesa kidogo ni hasara aliyojinunulia mwenyewe. Jiwe likipimwa pamoja na pete, uliza uzito wake unatolewa vipi. Ukinyamaza utalilipia kioo kama dhahabu.

Rai yangu: nunua pete moja ya kweli, nyepesi, isiyo na makeke, na mengine yote yawe ya kupakwa rangi ya dhahabu. Usiku wa kupamba bi harusi huonekana kwa mbali, chini ya taa, na hapana atakayemsogelea na jiwe la kupimia. Pa kuchunga ni masikioni. Mapambo ya bei ndogo mara nyingi huwa na nikeli, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Wiki moja kabla, avae vipuli hivyo nyumbani mchana mzima. Sikio likiwa jekundu, mtafutie vipuli vya fedha vyenye muhuri wa 925 na umalize mjadala.

Sasa bangili, na hapa nimelipa ada ya ujinga. Nilitumwa Malindi kwa harusi ya mpwa wangu, nikaambiwa mkono wake ni "mbili na robo na kidogo". Dukani zimeandikwa 2.4, 2.6, 2.8. Nikaona 2.4 imezidi robo, nikabeba dazeni mbili. Kumbe namba ile si desimali: 2.4 ni inchi 2 na sehemu 4 kati ya 16, yaani inchi 2 na robo kamili. Hiyo 2.6 ni inchi 2 na sehemu 6 kati ya 16, na 2.8 ni inchi 2 na nusu. Zikafika nyumbani zikagoma kwenye kifundo cha dole gumba. Nauli ya kuzirudisha, Mokowe hadi Malindi kupitia Witu na Garsen, na boti juu yake, ilizidi bei ya bangili zenyewe. Nenda na bangili yake moja inayomtosha, ipange juu ya ile ya dukani, mduara kwa mduara. Nyumbani zijaribiwe kwa sabuni kabla ya hina, maana hina mbichi ikikwaruzwa haitengenezeki.

Hina ipakwe siku mbili kabla, kwa sababu rangi yake hupanda taratibu: hutoka na rangi ya machungwa, ikaiva kuwa nyekundu ya kukoza baada ya siku moja au mbili. Unga wenyewe ni rahisi. Pesa huishia kwa mpakaji. Patana mapema kama bei ni ya mikono na miguu, na kama dada zake wamo. Piko nyeusi mimi siitaki. Mara nyingi ni rangi ya nywele, ina kemikali ya PPD, na wapo waliotoka malengelenge mikono mizima. Aliyewahi kuwashwa na rangi ya nywele asiiguse kabisa.

Asumini hainunuliwi mapema, hata uwe na pesa. Huchumwa alasiri ikiwa bado vitumba vilivyofumba, hufunguka usiku, na kesho yake imegeuka rangi ya chai. Linalofanyika mapema ni kuuwekea mti maneno: mwenye mti umwambie siku, umpe arbuni, na umwambie pia mtunga vikuba, vile vishada vya kunukia, atahitaji majani ya rehani na maua ya mkadi kiasi gani. Ukiacha hadi asubuhi ya siku yenyewe utauziwa kwa bei ya shida.

Leso za sare zinunuliwe kwa jozi na zikatwe na kupindwa kabla, fundi asivamiwe usiku wa mwisho. Na soma jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa, kabla ya kulipa. Mashangazi kumi wakitokea ukumbini wamevaa maneno ya kumsuta wifi, maelezo yako hayatasikizwa.

La mwisho ni pini. Nunua mara mbili ya ulizohesabu, kwani shela halijashikizwa vizuri, kila anayeingia chumbani atakuomba moja.