Kifaranga Aliyepinda Shingo: Mtenge Kwanza, Dawa Baadaye

Ukimkuta kifaranga amegeuza kichwa nyuma anatazama juu, anazunguka palepale au anaanguka ubavu kila akijaribu kusimama, mtoe bandani saa hiyohiyo. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini, ambao hutibika. Inaweza pia kuwa mdondo (wengine huuita kideri), ambao hauna tiba na humaliza banda zima.

Watazame wenzake. Kama wengine wamezubaa, wanahema kwa shida, wanaharisha kijani na vifo vinaongezeka, mwite ofisa mifugo. Usiuze wala usigawe kuku hata mmoja. Mizoga ichome au ifukie kwenye shimo refu. Lakini anapougua mmoja au wawili na waliobaki wanakula vizuri, anza kukagua chakula.

Pumba iliyokaa ghalani muda mrefu hutoa harufu kali kwa sababu mafuta yake yameharibika, na vitamini E huharibika pamoja nayo. Ubongo wa kifaranga hudhurika hapo. Vidole vilivyojikunja kwa ndani ni dalili ya kukosa vitamini B2. Kutazama angani kwa kawaida ni dalili ya kukosa B1, na hapa wafugaji wengi hawaambiwi jambo muhimu: amprolium, dawa ya koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara damu), hufanya kazi kwa kuizuia B1. Ukizidisha kipimo au siku, unamletea kifaranga ugonjwa mwingine. Fuata maelezo ya kwenye pakiti, tafadhali.

Mgonjwa mweke kwenye boksi lenye maranda makavu. Akiwa na umri wa chini ya wiki moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Mkingie kwa kitambaa kilichoviringishwa asibingirike. Maji yawe kwenye kifuniko kifupi chenye vijiwe safi, asije akazama. Akishindwa kunywa, dondosha tone mojamoja pembeni mwa mdomo na usubiri ameze. Ukimmiminia, maji yataingia mapafuni. Chakula kiwe kipya, cha vifaranga, kilicholoweshwa kidogo, umpe mara nyingi kwa siku. Changanya vitamini za kuku kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti na uyabadilishe kila siku. Antibiotiki haitibu mdondo wala upungufu wa vitamini. Usipoteze fedha yako huko.

Aliyekosa B1 hupata nafuu upesi akiwahiwa. Vidole vilivyojikunja kwa muda mrefu huenda visinyooke tena, maana neva zimekwishaharibika. Asiyeweza kabisa kula wala kunywa, na haonyeshi nafuu, mwombe ofisa mifugo akuonyeshe namna ya kummaliza bila mateso.

Waliobaki wabadilishie chakula wote, kwani wamekula kilekile. Chanjo ya mdondo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni kwa kuku wasiougua na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Ya mahepe (ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa. Wakati wa kuhudumia, anza na wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na usafishe viatu.