Kabla Hujamkabidhi Daktari Kichwa cha Mgonjwa Wako

Kama mtu wako ameanguka na bodaboda akapiga kichwa, anatapika, anasinzia ukimwita haitiki vizuri, au mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, acha kusoma hapa. Mkimbize hospitali iliyo karibu yenye CT scan na daktari wa upasuaji. Damu inayovujia ndani ya fuvu haikupi nafasi ya kuuliza vyeti vya mtu. Ninayoandika hapa ni ya upasuaji wa kupangwa: uvimbe kwenye ubongo, diski iliyobana mishipa mgongoni, mtoto mwenye maji kichwani. Huko muda huwa upo, na wengi tunaupoteza kwa kulia na kuulizana kwenye simu.

Jua kwanza unamtafuta nani. Daktari bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu anatibu kifafa, kiharusi na maumivu ya kichwa kwa dawa, hapasui. Unayemtaka ni bingwa wa upasuaji wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Kwenye mgongo kuna pia mabingwa wa mifupa wanaofanya kazi hiyo, na wanaifanya vizuri, lakini uliza aliyejifunza uti wa mgongo ni yupi. Usiridhike na "daktari wa kichwa". Nimekaa kwenye benchi na watu waliozunguka miezi kwa sababu ya neno hilo.

Wa kufaa hawako kila mkoa. Tanzania Bara wengi wanaanzia au kuishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo jina lake linataja mifupa tu, ila ubongo na mishipa ya fahamu ndiyo nusu ya pili ya kazi yake. Bugando Mwanza, KCMC Moshi na Benjamin Mkapa Dodoma nako kuna huduma hii. Zanzibar kipo kitengo cha Mnazi Mmoja kilichofunguliwa 2014. Ukitoka wilayani shika barua ya rufaa mkononi, na picha zote kwenye CD pamoja na majibu ya maandishi. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi, daktari anataka kuiona picha kwa macho yake. Nakili CD hiyo mara mbili.

Halafu vyeti. Watu wanaona haya kuuliza, kana kwamba ni kumtukana daktari. Huhitaji kumuuliza yeye. Kwa Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017, na daftari lake la madaktari linatazamwa kwa jina kwenye mtandao. Zanzibar ina baraza lake. Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko, nao wana daftari la wazi. Angalia mambo matatu: jina lipo, leseni ni ya mwaka huu, na ubingwa ulioandikwa ni huo anaojitangazia. Mtu anaweza kuwa daktari halali kabisa, mwenye leseni hai, na asiwe bingwa wa ubongo. Vilevile usajili wa muda si sawa na usajili kamili. Mgeni anayekuja na kambi ya matibabu ya siku chache anaweza kuwa hodari sana, lakini uliza donda likianza kutoa maji wiki ya pili, yeye akiwa ameshapanda ndege, nani atalifungua.

Ukiona FCS mbele ya fani ya ubongo, huo ni ushirika wa COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao makuu Arusha. Wengine wamesoma Muhimbili, Afrika Kusini, China, India. Kwangu chuo si hoja kubwa. Hoja ni kwamba baraza la nchi unayotibiwa limekikubali.

Uzoefu nao unaulizwa, tena mbele yake, kwa heshima. "Daktari, upasuaji kama huu wa mama umefanya mara ngapi mwaka huu?" Aliyezoea hajibu kwa hasira. Muulize nani atashika kisu, yeye au mwanafunzi wake wa ubingwa akiwa amesimama pembeni. Kwenye hospitali za kufundishia jibu la pili ni la kawaida wala si baya, ila lijue mapema. Muulize itakuwaje msipofanya upasuaji. Kuna uvimbe mdogo wa mzee wa miaka 80 ambao bingwa mzuri atakuambia turudie picha baada ya miezi sita. Daktari ambaye kila jibu lake ni kisu, tafuta maoni ya mwingine. Muulize pia usiku wa kwanza baada ya upasuaji nani yuko zamu, na kama chumba cha wagonjwa mahututi kina kitanda na mashine ya kupumulia kilichotengwa kwa siku hiyo. Kwa mtoto mwenye maji kichwani, uliza kama anafaa njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera ili maji yapite, badala ya kuwekewa mpira wa kudumu wa kuyatoa. Hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ndiyo iliyoipa njia hiyo sifa kwa watoto wa ukanda wetu, kupitia kazi ya Dk. Benjamin Warf.

Hayo yote sisi tuliyafanya. Nataka uelewe hivyo, kwa sababu hatukuwa wazembe.

Mama yangu mdogo alikuwa fundi cherehani. Miaka miwili aliumwa kichwa akaambiwa presha, akaambiwa macho, akanunua miwani. Jumapili moja akaanguka kifafa jikoni. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, upande wa kushoto, meninjioma, aina ambayo mara nyingi hukua taratibu na hutolewa. Daktari tulimpata, tena mzuri. Tulimwangalia kwenye daftari, tukaongea na familia mbili alizozihudumia. Yeye mwajiri wake ni hospitali ya serikali, na jioni alikuwa akifanya upasuaji kwenye hospitali binafsi. Baba mdogo alikuwa na bima binafsi ya kazini kwake na mama mdogo alikuwa mtegemezi wake. Mimi ndiye niliyekwenda dirishani kuuliza: "Kadi hii mnapokea?" Dada akaigeuza, akasema, "Tunapokea." Nikampigia baba mdogo nikamwambia bima imekaa sawa.

Alhamisi ya upasuaji mama mdogo alikuwa hajala tangu saa sita usiku. Nywele zimenyolewa. Ameshavua hereni na pete ya ndoa, nimezifunga kwenye leso. Saa mbili na nusu asubuhi akaja mtu wa dawati la bima, hakuja na kitanda cha magurudumu, alikuja na karatasi. Kibali kimetoka kwa ajili ya kitanda, chumba cha upasuaji na dawa. Ada ya daktari haimo, kwa sababu daktari huyo hayumo kwenye orodha ya bima ile pale hospitalini. Yumo kwa jina la hospitali nyingine. Uvimbe umewekwa kwenye fungu la maradhi sugu, ambalo lina ukomo wake, na ukomo huo ulishaliwa na MRI na wiki ya kulazwa. Chumba cha mahututi kinalipwa usiku mbili tu. Pengo lilizidi shilingi milioni 9 na lilitakiwa kuzibwa kabla hajaingia. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani amevaa gauni la kijani, ananiangalia mimi, si yule mtu.

Tukarudi nyumbani kuchanga. Kundi la ukoo, kanisani, kikoba cha shangazi, mkopo wa baba mdogo. Siku 16. Usiku wa siku ya tisa alishikwa na degedege refu kuliko yote, na asubuhi mkono wa kulia ulikuwa mzito. Upasuaji ulipofanyika uvimbe ulitoka wote, anatembea, anaongea, anaimba kwaya. Uzi kwenye tundu la sindano hawezi kuupitisha. Mjukuu wake humtungia sindano sita asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilimuuliza daktari kama ni ule ucheleweshaji. Alisema kwa ukweli kwamba hawezi kuthibitisha. Mimi najua nilichouliza dirishani, na najua ambacho sikuuliza.

Kwa hiyo nisikilize hapa. "Tunapokea kadi" maana yake ni kwamba mashine yao inaisoma. Hospitali ina mkataba wake na bima, daktari ana wake, na ugonjwa wenyewe una fungu lake ndani ya kitabu cha masharti ambacho hakuna aliyekisoma. Nenda kwa daktari akuandikie jina kamili la upasuaji. Nenda uhasibu wakupe makadirio ya gharama yaliyochambuliwa: daktari mpasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, usiku ngapi za mahututi, usiku ngapi za wodini, vifaa vinavyobaki mwilini kama skrubu, bamba au mpira wa kutoa maji, damu, picha ya baada ya upasuaji, na kipimo cha kinyama, yaani kipande cha uvimbe kitakachopelekwa maabara. Peleka karatasi hiyo kwa bima wenyewe, usimwachie mtu wa dirishani, uulize kila mstari: huu mnalipa, mnalipa kiasi gani, ukomo uliobaki ni shilingi ngapi. Kibali kitoke kwa maandishi, kiwe na jina la daktari na jina la hospitali, na uangalie kinaisha lini, maana tarehe ya upasuaji ikisogezwa kibali kinaweza kufa. Ukiongea nao kwa simu, andika jina la uliyeongea naye na saa. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima yana pa kwenda, ila bila karatasi hutasikilizwa. Haya yafanyike kabla ya siku ya kulazwa. Mgonjwa akishavaa gauni huna nguvu ya kujadiliana na mtu.

Wenye NHIF, bima ya afya ya taifa, yenu yafuateni vilevile: rufaa ipitie ngazi zake, na muulize kama huduma hiyo imo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma na bei zinazolipwa, cha kifurushi chenu. Msitegemee majibu ya mwaka jana. Machi 1, 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa kitita kipya cha bei, na mtu aliyehudumiwa Februari alirudishwa mlangoni kwa kadi ile ile. Kwa ndugu zetu wa Kenya, NHIF yenu ilipisha SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024, basi hakikisheni michango imelipwa na kila mtegemezi ameandikishwa kabla ya kuanza safari. Asiye na bima kabisa, kwenye hospitali za umma kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda mapema, na barua ya serikali ya mtaa, kabla deni halijalala.

Ukishawishiwa kwenda India, muulize wakala analipwa na nani. Swali hilo tu.

Mengine ni ya haraka. Mwambie daktari dawa zote anazotumia mgonjwa, hasa za kuyeyusha damu na aspirini, hata za mitishamba. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Dawa za kifafa na zile za kupunguza uvimbe wa ubongo hazikatwi ghafla kwa sababu amejisikia nafuu. Ndugu wa kutoa damu waende siku chache kabla, kusubiri kuitwa ni kosa. Kubalianeni nani atasaini na nani atatoa uamuzi mgonjwa akiwa hajitambui, maana shemeji wanne kwenye korido hawafiki mahali. Jibu la kinyama lifuatilie mpaka ulishike, lisikae maabara mwezi. Mazoezi ya viungo yaanze kupangwa kabla hajatoka wodini, na uliza kama bima inayalipa.

Na asubuhi yenyewe, soma jina kwenye bendi ya mkononi. Soma lote, majina matatu na namba ya faili. Novemba 2007, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walipishana: mwenye tatizo la goti akafunguliwa kichwa, mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Tangu hapo hospitali nyingi huuliza mgonjwa jina na upande unaofanyiwa upasuaji kabla ya usingizi, na alama huchorwa kwa wino. Mgonjwa akiwa haongei vizuri, jibu wewe. Usiogope kuonekana msumbufu kwa nesi, sema "kushoto" kwa sauti, sema tena mlangoni. Chaji simu. Beba kanga mbili, moja ya mgonjwa, moja ya kwako, kwa sababu hivyo viti vya nje ya chumba cha upasuaji ni vya chuma na kuna baridi, na saa tano walizokuambia zinaweza kuwa nane.