Somo: Jinsi kikundi kinavyoweza kupumzika mitandao ya kijamii kwa pamoja

Mtu anayeamua peke yake kuacha mitandao ya kijamii kwa wiki mbili hurudishwa na watu wake mapema kuliko anavyorudishwa na simu yake. Mipango ya harusi inaendelea kundini bila yeye, picha za mtoto wa dada yake zinawekwa asizione, rafiki anauliza kwa nini hakujibiwa, na kabla wiki haijaisha anafungua tena ili asiwe mgeni kwa jamaa zake mwenyewe. Ndiyo maana somo hili limeandikwa kwa ajili ya kikundi: familia, marafiki, wanakwaya, wanafunzi wa bweni moja, au wafanyakazi wa idara moja. Kinachotufunga kule ndani ni sisi kwa sisi, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kutoka tukiwa tumeshikana mikono.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 mwanauchumi Leonardo Bursztyn wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walitoa utafiti uliowahusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Waliwauliza wangetaka kulipwa kiasi gani ili wazime akaunti zao kwa wiki nne, na wastani wa majibu ulikuwa dola 59 kwa TikTok na dola 47 kwa Instagram. Kisha wakaulizwa ingekuwaje iwapo wenzao chuoni wangezima pia. Hapo hesabu ikageuka: kwa wastani wanafunzi walikuwa tayari kutoa fedha zao wenyewe, dola 28 kwa TikTok na dola 10 kwa Instagram, mradi wote wazime. Wengi wao, kwa maneno mengine, walikuwa mahali ambapo wangependa pasiwepo, na kila mmoja alibaki kwa sababu wengine wamebaki.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnaacha nini hasa

Hatua hii ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote, kwa maana vikundi vingi huvunjika hapa bila kujua. Mmoja anaposema "mitandao" anafikiria Facebook na TikTok. Mwingine anajumlisha WhatsApp. Wa tatu anaona YouTube haimo kwa sababu huitumia kujifunza hesabu. Siku ya tatu wanaanza kulaumiana, na kila mmoja ana haki kwa tafsiri yake.

Kipimo ninachopendekeza ni swali moja: je, ukurasa huo una mwisho? Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ule mtindo wa ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unapofika chini, na mtindo huo umeenea kote. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, barua ina sahihi chini yake, lakini mkondo wa video fupi hauna mahali panapokuambia sasa inatosha. Ongeza juu yake jambo ambalo wanasaikolojia wamelifahamu tangu kazi za B. F. Skinner, kwamba zawadi isiyojulikana itakuja lini humfanya mtu arudie tendo kwa ukaidi kuliko zawadi ya uhakika, nawe utaelewa kwa nini mtu hufungua simu kutazama saa, akaja kuiweka chini baada ya dakika arobaini bila kujua ni saa ngapi.

Kwa kipimo hicho, mazungumzo ya moja kwa moja na mama yako kwenye WhatsApp yanabaki, ila stetasi na chaneli zinaachwa. Somo la hesabu kwenye YouTube linabaki ikiwa mtu ameingia akijua jina la somo analolitaka, ila kuperuzi kunaachwa. Andikeni majina ya programu zote, moja moja, na mbele ya kila jina mwandike kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wote, na asiyekubaliana aseme hapo hapo.

Hatua ya pili: chagueni muda na siku ya kuanza

Kwa kikundi kinachojaribu mara ya kwanza, wiki mbili zinafaa. Siku mbili za mwisho wa wiki ni chache mno, kwa sababu mtu huzivumilia tu akisubiri kurudi. Mwezi mzima huwatisha wanaosita. Msianze wakati mmoja wenu ana mgonjwa hospitalini au shughuli kubwa inayoratibiwa mtandaoni.

Hatua ya tatu: tengenezeni njia nyingine kabla ya kufunga hii

Kila mwanachama aandike namba za simu za watu wote anaowafikia kwa mitandao pekee. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na siku hiyo asiyekuwa na namba ya mtu hakuwa na njia ya kumpata. Waarifuni walio nje ya kikundi kwa sentensi mbili tu: hatutakuwepo kuanzia siku fulani hadi siku fulani, na namba ya kupiga ni hii. Hotuba ndefu ya kuaga haihitajiki, kwa kuwa hukufanya urudi kila baada ya muda mfupi kuona nani ameijibu.

Sasa upande wa akaunti, ambapo tahadhari ni lazima. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti, na kwa mapumziko ya kikundi hilo linatosha: ondoa programu, kisha toka pia kwenye kivinjari ili usiingilie mlango wa nyuma. Facebook inatofautisha kuzima akaunti kwa muda na kuifuta, na aliyechagua kuifuta ana siku 30 za kubadili mawazo. Kwa X (zamani Twitter) na Snapchat hali si hiyo, kwa maana kuzima akaunti ndio mwanzo wa kuifuta, na siku 30 zikipita bila kuingia akaunti hupotea. Mtu anayepumzika wiki tano kwa kuzima akaunti yake ya X anaweza kurudi asiikute. Aidha, ukizima Facebook halafu ukaitumia kuingilia huduma nyingine, akaunti huamka yenyewe. Badilisheni kwanza njia ya kuingia kwenye huduma hizo. WhatsApp nashauri ibaki kwenye simu, arifa za makundi zikiwa zimenyamazishwa.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni habari. Mwaka 2018, katika wiki nne za kuelekea uchaguzi wa katikati ya muhula nchini Marekani, mwanauchumi Hunt Allcott na wenzake waliwalipa watu wazime Facebook. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba waliozima walijisikia vizuri zaidi kwa kiasi kidogo, lakini ufahamu wao wa habari ulipungua. Kwa hiyo amueni mtapata wapi habari: redio asubuhi, gazeti, au taarifa ya jioni inayotazamwa kwa pamoja.

Hatua ya nne: fungeni kwa wakati mmoja, mkiwa mahali pamoja

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza, kaeni mkizunguka meza. Kila mmoja afungue kwenye mipangilio ya simu sehemu inayoonyesha muda wa matumizi, ambayo iPhone zimekuwa nayo tangu mwaka 2018 na simu nyingi za Android zinayo pia, kisha asome kwa sauti saa alizotumia wiki iliyopita katika kila programu. Asiwepo wa kucheka wala wa kutoa mawaidha. Msomaji atanyamaza kidogo kabla ya kutaja namba kubwa. Mwacheni anyamaze, aitaje, na wa pili yake aendelee. Baada ya hapo ondoeni programu zote kwa pamoja.

Kesho yake, ukiwa kwenye foleni au ukisubiri maji yachemke, kidole gumba kitakwenda chenyewe mpaka mahali ilipokuwa programu. Kitatokea tena na tena, na hakuna haja ya kujihukumu. Nashauri mahali hapo hapo pawekwe orodha ya majina ya simu, ili kidole kinapotua kikute watu, na pengine umpigie mmojawao.

Hatua ya tano: gawaneni saa iliyopatikana

Katika utafiti wa mwaka 2018 nilioutaja, kuzima Facebook peke yake kuliwarudishia watu wastani wa dakika 60 kwa siku. Sehemu ya muda huo ilikwenda kwa familia na marafiki, na sehemu nyingine ikaliwa na televisheni mtu akiwa peke yake. Saa isiyopangiwa kazi huchukuliwa na kioo kingine. Gawanyikeni wawili wawili. Kila jozi ipigiane simu kila siku, hata kwa dakika tano, na kila mtu ataje jambo moja alilokuwa akiliahirisha, kama kushona, kutembelea mgonjwa, au kumaliza kitabu. Mara mbili kwa wiki kikundi kizima kikutane kwa shughuli inayotumia mikono au miguu.

Hatua ya sita: amueni mapema la kufanya mtu akiteleza

Atateleza mtu. Napinga kabisa faini, kwa kuwa faini huwafundisha watu kuficha, na anayeficha hujitenga na kikundi moyoni hata kama bado anahudhuria. Kanuni iwe moja: aliyeteleza amwambie mwenzake wa jozi siku hiyo hiyo, aondoe programu tena, na kesho aendelee pale alipo. Hesabu ya siku haianzi upya.

Hatua ya saba: kutaneni kabla ya kurudi

Siku ya mwisho msikimbilie kupakua. Kila mmoja aseme programu ipi ameikosa kwa dhati, ipi hata hakuikumbuka, na ipi anairudisha kwa masharti. Rudisheni moja kwa wiki, arifa zikiwa zimezimwa. Washiriki wa utafiti ule waliendelea kuitumia Facebook kidogo kuliko zamani hata baada ya jaribio kwisha, nami naamini badiliko hilo hutegemea sana namna mtu anavyorudi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Binti yangu wa miaka 15 anaona mpango huu ni adhabu. Nifanyeje?*

Marahaba mama. Atauona kuwa adhabu ikiwa yeye ndiye anayefunga na wewe unaendelea kutazama video usiku. Anza kwa kuondoa za kwako mbele yake. Pili, kikundi chenye maana kwake ni rafiki zake, kwa hiyo mwombe ataje wawili au watatu anaotaka waingie pamoja naye, kisha uzungumze na wazazi wao. Muulize pia kuhusu ule mfululizo wa siku kwenye Snapchat, unaokatika rafiki wawili wasipotumiana picha ndani ya saa 24. Kwa mtu mzima ni namba tu, lakini kwa kijana yaweza kuwa ushahidi wa urafiki wa miezi mingi, na kuukata ghafla bila kumshirikisha rafiki kunaumiza kweli. Waambizane mapema na kukubaliana kuuacha pamoja.

*Ninauza nguo kupitia Instagram, na huko ndiko wateja wangu wote waliko. Je, nibaki nje ya kikundi?*

Usibaki nje. Ondoa programu kwenye simu na utumie kompyuta kwa saa mbili ulizozitangaza kwa wateja. Kabla ya kufungua, andika kwenye karatasi unachokwenda kufanya: kujibu oda, kuweka picha za mzigo mpya. Orodha ikiisha, funga. Kama una msaidizi, yeye ndiye ajibu, nawe upokee oda kwa simu. Mweleze mwenzako wa jozi mpango huo ili asikushuku anapoona umeposti.

*Mmoja wetu ana ugonjwa usio wa kawaida, na watu pekee wanaomwelewa wako kwenye kundi la wagonjwa wenzake huko Facebook. Wengine wanasema asipofunga atatuvunja moyo.*

Tafadhali msimshinikize. Kwake yeye lile kundi ni sehemu ya matibabu, na kumnyima faraja hiyo kwa ajili ya usawa wa kikundi ni kosa. Mwandikieni ruhusa hiyo kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, ikisomwa mbele ya wote, ili isionekane kama upendeleo wa siri. Yeye mwenyewe anaweza kuingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa kundi na kuacha mkondo wa machapisho wa ukurasa wa mbele. Vivyo hivyo kwa mtu anayepitia huzuni nzito au aliye peke yake kabisa: mwombeni ajiunge na mikutano na simu za jozi kwanza, na suala la kufunga lije baadaye kama atalitaka mwenyewe.

*Mume wangu hataki kujiunga, na kila usiku ananionyesha vichekesho kwenye simu yake.*

Mwambie kwa upole kwamba unapenda kucheka naye, ila kwa wiki hizi mbili akusimulie kichekesho badala ya kukuonyesha. Usimhubirie. Asiyetaka kujiunga asilazimishwe, bali aombwe kitu kimoja kidogo, kama kutoleta simu kitandani.

*Sisi ni ukoo mkubwa, na kundi letu la WhatsApp lina watu ambao hawakukubali mapumziko. Tulifunge au tuliache?*

Kulifunga kabisa kutaleta manung'uniko kwa wazee na walio mbali. Admini aingie kwenye mipangilio ya kundi aruhusu maadmini pekee kutuma ujumbe, na maadmini wakubaliane kwamba watapitisha taarifa za ugonjwa, msiba na safari tu. Kabla ya kufanya hivyo aandike ujumbe mmoja wa heshima, wenye tarehe ambayo kundi litafunguliwa tena na namba mbili za kupigiwa, kisha aubandike juu ya kundi kwa siku 30, ambao ndio muda mrefu zaidi WhatsApp inaoruhusu. Mzee asiyesoma ujumbe apigiwe simu na kuelezwa kabla ya siku ya kuanza.