Sanitaiza ya "masaa 24" ukiwa unauguza wodini: ichague hivi, ipake hivi

Mwaka jana nimekaa wiki mbili Moshi namuuguza mama wodini. Siku ya kwanza tu nikanunua jeli ya mikono imeandikwa kwa mbwembwe inalinda masaa 24, bei nayo sio ya kitoto, nikawa napaka asubuhi basi, siku nzima natamba. Mpaka nesi mmoja mtu mzima akanikuta nimetoka kumwaga mfuko wa mkojo halafu huyoo naenda kummiminia mama mtori, akaniambia mwanangu, hiyo ya asubuhi ilishakufa kitambo.

Iko hivi. Jeli nyingi kinachoua vijidudu ni alkoholi, inaua fasta kweli ila ikikauka imepaa, haiachi mlinzi, ukishika pazia la wodi tu umeanza upya. Zinazobaki kidogo ni zile zenye klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, hii inang'ang'ania kwenye ngozi na inaendelea kufanya kazi masaa kadhaa, ndo maana hata wanaoingia chumba cha upasuaji wananawa nayo. Lakini nayo sio tiketi ya kutopaka tena, halafu sabuni za kawaida zinaweza kuikata nguvu, na isiingie machoni wala masikioni.

Kwahiyo dukani usisome mbele, geuza chupa. Tafuta alkoholi asilimia 60 kwenda juu, mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe ni ethanoli asilimia 80 au isopropili asilimia 75, zote ni aina za alkoholi. Haijaandikwa asilimia? Rudisha. Imeandikwa methanoli? Hiyo ni sumu, kimbia. Na nyie wa kujichanganyia na Konyagi, ile ni 35 jamani, mtanukia baa tu.

Kupaka sasa, hapa ndo wengi tunafeli. Mimina ijae kiganja, sio tone. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, halafu dole gumba (linasahaulika kila siku) na ncha za vidole uzikwangue kwenye kiganja cha pili. Sekunde 20 mpaka 30, mpaka ikauke yenyewe, usifute na kanga. Ikikauka chini ya sekunde 15 ujue ulibania. Na usipake juu ya glavu, vua kwanza.

Lini? Kabla hujamgusa mgonjwa, kabla hujasogelea kidonda au drip, ukishagusa mkojo, damu au matapishi, ukishamgusa yeye, na ukishagusa vitu vyake hata kama yeye hujamgusa, yaani kitanda, kabati, shuka. Hizo ndo nyakati tano za wahudumu wenyewe, na sisi ndugu ndo tunaoshika kila kitu.

Mkono ukiwa na uchafu unaoonekana au mgonjwa anaharisha, achana na jeli, nenda bombani na sabuni sekunde 40 mpaka 60, kuna vijidudu vya kuharisha ambavyo alkoholi haiviwezi.

Funika chupa vizuri isipae, usiiache juani kwenye dashibodi, mbali na watoto, na mkono ukiwa bado mbichi usisogelee jiko la mkaa, inawaka hiyo.

Mimi siku hizi nanunua ya kawaida tu ya bei chee, chupa ya pampu, naiweka pale kwenye kabati la kitanda ili hata shangazi akishuka kutoka Machame na hotpoti lake asipate kisingizio.