Tumbo Linapoendelea Kuuma Baada ya Mfuko wa Nyongo Kuondolewa

Mtu anayekubali kuondolewa mfuko wa nyongo hutarajia kwamba yale maumivu ya chini ya mbavu za kulia, yaliyokuwa yakimwamsha usiku na kumfanya akiogope chakula, yatakoma. Kwa walio wengi hukoma kweli. Wapo hata hivyo ambao, wiki kadhaa au hata miaka baadaye, hushikwa tena na tumbo, wakapimwa, wakaambiwa kwamba hakuna kinachoonekana. Kauli hiyo isichukuliwe kuwa na maana kwamba hakuna kinachouma. Mara nyingi maana yake ni kwamba vipimo vilivyofanywa havikulenga mahali panapouma, na mgonjwa mwenyewe anaweza kusaidia sana kuvielekeza.

Kwanza kabisa, yapo maumivu yasiyopaswa kufuatiliwa nyumbani hata kwa siku moja. Homa yenye kutetemeka, macho kugeuka manjano, na mkojo kukolea rangi huku kinyesi kikipauka ni dalili kwamba mrija wa nyongo umeziba na pengine umeingiwa na maambukizi. Maumivu makali ya chembe yanayopenya hadi mgongoni pamoja na kutapika mfululizo huelekeza kwenye kongosho. Kutapika damu, kupata kinyesi cheusi kama lami, au tumbo kuwa gumu huku hewa haitoki, yote ni ya kukimbizwa hospitali. Maumivu ya chembe yanayoambatana na jasho jembamba na kubanwa pumzi yanaweza kuwa ya moyo, kwa hiyo asiwepo wa kuyasingizia nyongo ambayo mfuko wake haupo tena. Aliyepasuliwa siku chache zilizopita aelewe kwamba kuumwa bega ni jambo la kawaida, kwa sababu ya gesi iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji wa matundu madogo. Lakini tumbo linalozidi kuuma na kujaa siku hadi siku, badala ya kutulia, huenda linavujiwa na nyongo ndani.

Kama hakuna dalili hizo, swali la kuanza nalo ni hili: je, maumivu haya ni yaleyale ya kabla ya upasuaji, au ni mapya? Yakiwa ni yaleyale, kwa namna yanavyoanza, mahali yanapokaa na muda yanaodumu, inawezekana kwamba kijiwe kimebaki ndani ya mrija. Inawezekana pia kwamba mfuko haukuwa chanzo tangu mwanzo, bali vidonda vya tumbo, kiungulia au utumbo mpana wenye mikazo. Ndiyo maana ni vyema kuomba nakala ya ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara ya mfuko uliotolewa. Ripoti inayosema kwamba mfuko haukuwa na mawe wala uvimbe inafungua upya uchunguzi wote, ilhali ripoti inayosema kwamba ulijaa vijiwe vidogovidogo inaongeza uwezekano kwamba kimoja kiliteleza kikaingia mrijani.

Yakiwa ni mapya, inafaa kuelewa upasuaji umebadilisha nini. Ini hutengeneza nyongo ya takriban nusu lita hadi lita moja kwa siku. Zamani sehemu yake ilisubiri mfukoni hadi mtu ale. Sasa hutiririka kuelekea utumboni bila ghala. Mwisho wa mrija upo msuli wa duara unaofungua na kufunga, uitwao msuli wa Oddi kwa jina la Mwitalia Ruggero Oddi aliyeueleza mwaka 1887. Msuli huo ukijibana, nyongo hurudi nyuma, na kwa kuwa mfuko uliokuwa ukipokea msukumo haupo, mrija hutanuka na kuuma. Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kodeini na mofini huubana msuli huohuo. Mtu anaweza kumeza kidonge cha maumivu chenye kodeini, au hata dawa ya kikohozi yenye kodeini, akashikwa na shambulio kali ndani ya saa moja, kisha akameza kingine ili atulize kile alichokisababisha cha kwanza. Soma kwa makini kila dawa unayotumia. Aidha, dawa ya kuzuia kuharisha iitwayo eluksadolini haifai kabisa kwa asiye na mfuko wa nyongo, kwa kuwa imehusishwa na uvimbe mkali wa kongosho.

Chanzo kingine, ambacho kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko vyote, hakimo ndani ya tumbo bali kwenye ukuta wake. Mshipa wa fahamu unaweza kubanwa na kovu au na msuli, hasa karibu na matundu ya upasuaji, na picha za kawaida za hospitali haziuonyeshi. Kipimo chake, kilichoelezwa na daktari John Carnett mwaka 1926, hakihitaji mashine. Lala chali, weka ncha ya kidole mahali panapouma zaidi, kisha inua kichwa na mabega bila kujisukuma kwa mikono. Maumivu yakizidi tumbo linapokaza, huenda yanatoka ukutani. Yakipungua, huenda yanatoka ndani. Mweleze daktari ulichokiona ili arudie kipimo hicho yeye mwenyewe. Sindano ya ganzi ikichomwa hapo na maumivu yakaondoka mara moja, imetibu na imethibitisha kwa pamoja.

Kwa wiki mbili au tatu andika kila shambulio katika daftari: saa lilipoanza, ulichokula na muda uliopita tangu ule, mahali hasa panapouma, muda lililodumu, dawa uliyomeza, na hali ya choo. Maumivu yanayodumu nusu saa au zaidi, yanayopanda hadi kilele kisha kubaki palepale, yana tabia ya mirija ya nyongo. Yale yanayopungua baada ya kwenda choo ni ya utumbo zaidi. Ikiwa unaharisha maji mara tu baada ya kula, hasa asubuhi, huenda nyongo nyingi inafika kwenye utumbo mpana na kuuchokoza. Dawa kama kolestiramini huinasa nyongo hiyo, ila dawa nyingine zimezwe saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baadaye, kwani hunaswa pia.

Kuhusu vipimo, damu ya kupima ini na kongosho iliyochukuliwa siku tulivu inaweza kusomeka safi, ilhali ile iliyochukuliwa saa chache baada ya shambulio ikaonyesha tatizo. Omba utaratibu wa kupimwa wakati huo. Altrasaundi ya kawaida mara nyingi haioni vijiwe vya sehemu ya chini ya mrija. MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya mirija ya nyongo, au altrasaundi inayoingizwa kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, huona vizuri zaidi. Ukishauriwa kukatwa msuli wa Oddi ilhali damu na mirija vyote ni vya kawaida, uliza maswali mengi kabla ya kukubali. Utafiti wa EPISOD uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wa aina hiyo, waliokatwa hawakupata nafuu kuliko waliofanyiwa utaratibu bila kukatwa, na utaratibu wenyewe unaweza kuleta uvimbe wa kongosho.

Wakati uchunguzi ukiendelea, kula milo midogo na usirundike mafuta mengi katika mlo mmoja. Hakuna haja ya kuyakimbia maishani. Joto juu ya tumbo na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa huwafaa wengi. Vyanzo vyote vikishachunguzwa visionekane na maumivu yakabaki, muulize daktari kuhusu dawa za kutuliza mishipa ya fahamu, kama amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku. Usikatishwe tamaa na siku za mwanzo, kwa sababu dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na daftari lako ndilo litakaloonyesha kama mashambulio yamepungua au la.