Kurekodi mchezo wa redio nyumbani
Mwandishi wa mchezo wa redio akumbuke kwamba msikilizaji haoni chochote. Kwa hiyo mahali, wakati na mtu anayeingia vitambulishwe kwa mlio au kwa mazungumzo. Funzo lisigeuke hotuba: Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulipitisha elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI katika maisha ya wahusika wenyewe.

Rekodi katika chumba chenye magodoro, mapazia na nguo nyingi, kwa sababu kuta tupu huleta mwangwi ambao ni vigumu kuuondoa wakati wa kuhariri. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi za herufi p na b zisiipige; na mhusika anayeondoka, mwigizaji wake asogee mbali kweli, asipunguze sauti tu. Zima feni na jokofu, kisha rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika, kwani ndio utakaoziba mapengo baada ya kukata makosa.

Kwato za punda hupatikana kwa kugonganisha vifuu viwili vya nazi, kazi ambayo kwa maoni yangu ni tamu kuliko kuigiza. Muziki uwekwe mwisho, nao ushuke kabla mtu hajasema.