Impatiensi kivulini: udongo mbichi, majani makavu

Vunja shina la impatiensi, ua la bustani linalopenda kivuli, uliangalie kwa karibu. Linakatika kirahisi kama shina la mchicha mchanga, na maji yanakulowesha vidole. Ndani hamna ugumu wa mti. Kinachousimamisha mmea ni maji yaliyojaa kwenye shina. Ukilikumbuka hilo, mambo mengine yote ya kuutunza yanaeleweka: kwa nini unapenda kivuli, kwa nini ukame wa siku moja unaulaza, na kwa nini maji yakizidi mizizini unaoza upesi.

Aina inayopandwa zaidi, Impatiens walleriana, asili yake ni Afrika Mashariki, kwenye misitu yenye unyevu na kando ya vijito. Ua hili liliwahi hata kuitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo unachojaribu kufanya bustanini ni kuurudishia mmea sakafu ya msitu.

Anza na kivuli chenyewe, maana vivuli havifanani. Mchana, nyoosha mkono juu ya mahali unapotaka kupanda. Kivuli cha mkono kikionekana lakini kingo zake zimefifia, hapo panafaa sana. Kingo zikiwa kali, jua ni jingi mno. Mkono usipotoa kivuli chochote, pana giza: mimea itarefuka kutafuta mwanga, itakuwa na majani mengi na maua ya kuhesabu. Jua laini la asubuhi kwa saa mbili au tatu halina neno, na maua huongezeka. La kuepuka ni jua la mchana na alasiri.

Sasa udongo. Chimba sentimita 20 hadi 25, tandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 5 hadi 8, kisha changanya. Kabla ya hapo pima kama maji yanapenya: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena. Maji yakiwa bado yamesimama baada ya saa sita, inua tuta la sentimita 15 hadi 20 upande juu yake. Chini ya mti tatizo huwa kinyume chake, kwa sababu mizizi ya mti hunyonya maji yote na majani yake huzuia mvua. Usikate mizizi minene, wala usirundike udongo mwingi juu yake, kwani unaweza kuudhuru mti. Hapo ni heri kutumia vyungu. Chungu cha upana wa sentimita 30 kinatosha miche mitatu. Tia sehemu mbili za udongo mzuri, mbili za mboji na moja ya mchanga mnene au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano). Hakikisha kina matundu. Kokoto za chini hazisaidii kutoa maji kama wengi wanavyodhani: maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi.

Kupanda kwa mbegu kunawezekana, ila kunataka uvumilivu. Mbegu ni ndogo sana na zinahitaji mwanga ili ziote, hivyo usizifukie. Zimwage juu ya udongo laini uliolowa, uzigandamize kidogo, ufunike kwa nailoni angavu. Kwenye joto la nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi huota kati ya siku 10 na 21. Zikishaota ondoa nailoni na mwagilia kwa kuweka trei ndani ya maji, la sivyo kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche usawa wa udongo, kitailaza miche yote kwa usiku mmoja. Mpaka kufikia kuhamishwa huchukua wiki 8 hadi 10.

Vipandikizi ni njia bora kwa mwenye mmea tayari. Kata ncha ya tawi lisilo na ua, sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapotokea), maana mizizi hutokea hapo kwa wingi. Ondoa majani ya chini na vitumba vyote. Weka kwenye glasi ya maji mahali penye mwanga usio na jua kali, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu. Mizizi huonekana baada ya wiki moja au mbili. Ikifika sentimita 2 au 3, hamishia kwenye udongo. Usingoje ijae glasi, kwa sababu mizizi iliyozoea maji huvunjika ovyo na hupata taabu kwenye udongo. Faida nyingine ni kwamba kipandikizi hufanana na mama yake, ilhali mbegu za chotara hubadilika rangi na umbo.

Panda jioni au siku ya mawingu, mche hadi mche sentimita 25 hadi 30, kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kitalu. Shina likifukiwa linaoza. Weka matandazo ya sentimita 3 hadi 5, yasiguse shina.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Kwenye bustani jaza unyevu kila sentimita 2 za juu zinapokauka. Vyungu wakati wa joto huenda vikataka maji kila siku. Mmea ukinyauka usikimbilie ndoo. Chomeka kidole kwanza. Udongo mkavu: mwagilia, utainuka kwa saa chache. Udongo mbichi, lakini mmea unalala mchana na kusimama jioni: ni jua au joto, na maji zaidi yatauumiza. Udongo mbichi na asubuhi bado umelala: mizizi inaoza au imeshambuliwa. Ung'oe uangalie. Mizizi ya kahawia inayoteleza ni uozo. Yenye vinundu kama shanga ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi, na hapo usipande tena impatiensi kwenye udongo huo.

Mbolea iwe kidogo. Ya maji yenye virutubisho vilivyolingana, nusu ya kipimo cha pakiti, kila wiki mbili kwa vyungu na mara moja kwa mwezi kwa bustani yenye mboji. Naitrojeni ikizidi unavuna majani. Mche ukifika sentimita 15 chuna ncha ili utoe matawi. Uliorefuka na kubaki mtupu chini, ukate ubaki sentimita 8 au 10, nao utachipua upya.

Ugonjwa wa kuogopwa ni ubwiri vinyoya. Uliripotiwa Uingereza mwaka 2003, na mwaka 2011 na 2012 ukateketeza impatiensi sehemu nyingi za Marekani. Huanza kimya: majani yanafifia kama yenye njaa na kujikunja kuelekea chini. Geuza jani. Ukiona unga mweupe mgongoni mwake, ndio wenyewe. Baadaye maua na majani hupukutika, yakabaki mashina matupu. Hustawi majani yanapolala na umande au maji usiku wenye ubaridi, ndiyo maana nafasi kati ya miche na kumwagilia asubuhi si mambo madogo. Mmea ulioshikwa hautibiki: ung'oe na mizizi pamoja na majani yaliyoanguka, ufunge kwenye mfuko na kuutupa, usiutie kwenye mboji, kwa sababu mbegu za ugonjwa huo hubaki udongoni kwa miaka.

Kwenye tuta lililowahi kupata ugonjwa huo panda aina zilizozalishwa kuhimili ugonjwa, kama Beacon au Imara XDR, au impatiensi za New Guinea, ambazo zinavumilia jua zaidi lakini zinataka maji mengi kuliko impatiensi za kawaida. Begonia nazo hazishikwi na ubwiri huu, na kivuli zinakipenda vilevile.